Bendera na Kamba

Wapo wanaosisitiza kwamba muziki ubaki muziki na siasa ibaki siasa. Basi watufafanulie yaliyotokea Hamburg tarehe 9 Desemba 1968, usiku ambao Das Floß der Medusa, utungo wa kwaya na okestra wa Hans Werner Henze, ulipaswa kuzinduliwa. Ulikuwa maombolezo ya Che Guevara. Wanafunzi walitundika bendera nyekundu jukwaani. Wanakwaya kutoka Berlin Magharibi wakakataa kuimba chini yake. Polisi wakaingia, na mwandishi wa maneno, Ernst Schnabel, akakamatwa. Kukataa huko nako hakukuwa siasa?

Lakini nasi wa mrengo wa kushoto tusijitakase. Tumeikumbuka bendera, tumekisahau kisa. Mwaka 1816 meli ya Kifaransa, Méduse, ikielekea Senegal kulitwaa tena koloni, ilikwama pwani ya Mauritania. Nahodha wake alikuwa hajaongoza meli kwa takriban miaka 20. Cheo alikipata kwa upendeleo (msomaji wa wizarani ananielewa). Wakubwa walipanda mashua. Watu wapatao 150 walirundikwa juu ya chelezo cha mbao kilichovutwa kwa kamba, kisha kamba ikaachiliwa. Siku 13 baadaye waliokolewa 15. Henze anaipanga kwaya pande mbili, ya walio hai na ya wafu, na waimbaji huhama kidogo kidogo kuelekea mautini.

Utungo huo uliimbwa hatimaye Vienna mwaka 1971. Usikilizeni kwanza, ya bendera tutabishana baadaye.