Baisakhi ya makalasinga na mpunga wa Kyela

Najua mnasubiri habari za bumu, ila leo naandika habari ya chakula. Mwezi wa nne nilikula bure hapa Dar na mpaka leo jambo hilo halijanitoka kichwani.

Jamaa yangu tunayesoma naye, yeye ni Kalasinga, alinipeleka gurdwara siku ya Baisakhi. Sisi huko nyumbani kila mwenye kilemba ni kalasinga, na tunachojua ni kwamba atakuwa fundi wa magari. Basi. Kumbe hilo neno linatokana na jina la Singh, na jina hilo limefungamana na siku hiyohiyo: Baisakhi ya mwaka 1699, Guru Gobind Singh alipoanzisha Khalsa kule Anandpur. Ila mkulima wa Punjab anaijua pia kama sikukuu ya mavuno ya ngano, na Wahindu wa huko nao huisherehekea. Huangukia tarehe 13 au 14 mwezi wa nne.

Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini kwenye mstari pamoja na wengine. Mwenye gari kubwa yuko chini, mlinzi yuko chini, na mimi Mnyakyusa nisiye na nauli ya kurudia hosteli niko chini. Chapati, dengu, wali, unaongezewa mpaka ukatae mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza dini yangu. Wanaita langar, na wala si ya sikukuu tu. Waliopita barabara ya Nairobi–Mombasa wanaijua gurdwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926 enzi za reli: msafiri yeyote anakula.

Sasa mtaniambia, na sisi tuna sikukuu ya mavuno kanisani. Ni kweli jamani, nimekulia humo. Mama anabeba debe la mpunga kichwani, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine kuku. Halafu? Mnada! Kuku ananunuliwa na mwenye hela, na mjane aliyeleta mpunga anarudi nyumbani kupika ugali. Sisemi ni dhambi, kanisa lina paa la kuezeka. Nasema tu kwamba hata shukrani tunaiuza.

Na hapo ndipo roho inaponiuma. Mchele wa Kyela unajulikana nchi nzima, hapa Dar wanauza hata usio wa Kyela kwa jina letu. Lakini mwezi wa nne, Punjab wanapocheza ngoma, kwetu ni mvua tupu na mpunga haujaiva. Ndipo anapokuja mtu na hela mkononi, ananunua mpunga ungali shambani, kwa bei anayopanga yeye. Ukija kuvunwa si wako tena, wewe ni kibarua kwenye shamba lako. Nane Nane ikifika, watu wanakwenda kuangalia maonyesho Mbeya, sisi ghala tupu.

Mimi natamani kila kijiji, kuanzia Ipinda mpaka Matema, kiwe na siku moja kabla gunia la kwanza halijapanda lori. Mpunga mpya ukobolewe, upikwe kwenye masufuria makubwa, mbasa watoke ziwani, watu wote wakae chini wale. Asiwepo mgeni rasmi. (Akiwepo tutakula saa kumi na moja jioni.) Najua sahani moja ya wali haimlipi yule mnunuzi. Ila watu wakishakaa pamoja wakala, angalau wataulizana nani kauza mapema na kauza kwa bei gani. Sasa hivi kila nyumba inaficha aibu yake.

Nilimpigia mama nikamweleza yote haya. Akacheka sana. Akasema, "Ndaga, mwanangu, umeongea vizuri. Sasa niambie, ile hela ya kukupeleka chuo unadhani ilitoka wapi?"

Nikakaa kimya mpaka salio likaisha.