Hiari gani hiyo?

Magazetini hoja hii haichoki kurudi: huduma ya malipo kwa simu ni hiari, na mfanyabiashara asiyependa makato arudi kwenye fedha taslimu. Rahisi kusema ukiwa Posta, Dar es Salaam.

Muuza kamba wa Nyamisati, wilayani Kibiti, hulipwa na mteja aliye mbali. Akikataa simu, noti zimfikie kupitia nani? Dereva wa lori?

Hiari hiyo ilipimwa tarehe 15 Julai 2021, Serikali ilipoanza kutoza shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala wa kutuma au kutoa fedha. Hakuna mwenye duka aliyesaini chochote. Kelele zikapigwa, Septemba tozo ikashushwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikawa 4,000, Oktoba 2,000. Nani angepanga bei ya tenga la kamba katika hali hiyo?

Kampuni za simu nazo zina mtindo wao: ujumbe mfupi wa bei mpya, na ukiendelea kutumia huduma, umekubali. (Vigezo na masharti kuzingatiwa!) Mfanyabiashara wa Nyamisati anastahili taarifa ya mapema, kwa Kiswahili, yenye makato kwa shilingi, na muda wa kutoa salio lake kwa bei ya zamani.