Kabla hujawapakia watoto kwenye gari kwenda Nyanda za Juu Kusini

Shule zikifungwa Juni, nyumba nyingi za Dar es Salaam hurudia mjadala uleule mezani. Watoto wanataka kusafiri, bibi kijijini anapiga simu kila Jumapili kuuliza lini ataletewa wajukuu, na baba anahesabu siku za likizo alizobakiza kazini.

Chukua mfano wa familia ya Kimara yenye watoto watatu, wa kwanza ana miaka 11, wa pili saba na wa mwisho miwili. Bibi yuko Tukuyu, wilayani Rungwe. Gari dogo lipo, fedha ya mafuta imepatikana. Tatizo ni mtoto wa pili, aliyegundulika kuwa na selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Tangu siku hiyo mama amekuwa akiahirisha safari. Kila mwaka sababu ni nyingine, lakini hofu ni ileile.

"Baba watoto, huko kuna baridi. Akishikwa na maumivu njiani, tutafanyaje?"

Baba naye ana hesabu yake. Anataka kutoka saa tisa usiku, akanyage mafuta, na kabla ya usiku mwingine wawe wanakula ndizi kwa bibi. Likizo ni siku saba tu, kwa nini azipoteze barabarani?

Wote wawili wana hoja, ila hesabu ya baba ndiyo ya hatari zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Uyole kwenda Tukuyu kuna kama 60 nyingine za milima na kona. Barabara hiyo ndiyo inayobeba malori ya kwenda Zambia na Kongo, ina vijiji vyenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, ina matuta na tochi za trafiki. Dereva mmoja akiimaliza kwa siku moja, kilomita za mwisho, zenye giza, ukungu na kona, ataziendesha akiwa amechoka kuliko saa nyingine yoyote ya safari.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja ajali za barabarani kuwa chanzo cha kwanza cha vifo kwa watoto na vijana wa miaka mitano hadi 29. Mzazi anayefunga dawa za malaria na kusahau usingizi wa dereva amejiandaa nusu.

Gawa safari Iringa

Kwa familia kama hii, ratiba ya maana ni kulala Iringa, ikiwezekana usiku mbili. Wakitoka Kimara saa 11:30 alfajiri wanakuwa Morogoro asubuhi, wanakunywa chai, watoto wanakojoa na kukimbia kidogo. Baada ya hapo dereva asimame kila baada ya saa mbili, walau dakika 15, hata kama hajisikii kuchoka.

Mbele ya Doma barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kupita ndani yake kwa takribani kilomita 50. Hapo watoto wanaona twiga, pundamilia na swala bila kulipia, na tembo kama siku ni nzuri. Lakini kushuka kwenye gari hakuruhusiwi, kwa hiyo suala la choo limalizwe kabla ya kuingia. Vioo vipandishwe pia, kwani mbung'o wapo na wanavutwa na rangi nyeusi na bluu iliyokolea. Na nyani hawalishwi ndizi dirishani, hata mtoto alie vipi.

Kuanzia Mikumi mjini mandhari inabadilika. Barabara inashuka kuelekea mto Ruaha Mkuu, mibuyu inajaa pande zote mbili, na Ruaha Mbuyuni wauzaji wa vitunguu wanapanga mafungu yao kando ya lami. Hapo panafaa kwa chakula cha mchana. Chagua mahali penye wateja wengi na chakula kinachotoka jikoni kikiwa cha moto. Kachumbari na juisi isiyojulikana maji yake yametoka wapi, wapitishe watoto mbali nayo kwa siku hiyo.

Baada ya Ruaha Mbuyuni unakuja mlima Kitonga. Ni mzuri kuutazama ukiwa abiria. Kwa dereva ni kona kali, bonde upande mmoja na malori yanayopanda kwa mwendo wa kinyonga. Ukiona matawi ya miti yamelazwa barabarani, ujue mbele kuna gari lililoharibika. Hapa si mahali pa kuyapita malori ili kuokoa dakika kumi.

Kitonga ndipo watoto wengi wanapotapika. Kichefuchefu cha safari huwasumbua zaidi wenye umri wa kati ya miaka miwili na 12, kwa sababu macho yanaona kitu kilichotulia huku sikio la ndani likihisi mwili unayumba. Simu na tableti huongeza tatizo. Kabla ya kupanda, zima vifaa hivyo, fungua dirisha kidogo, mwelekeze mtoto atazame mbele mbali, si pembeni. Chakula kiwe chepesi. Chipsi na soda za Ruaha Mbuyuni zitaonekana tena kabla ya Ilula.

Kuna tabia moja inayosemwa kwa kicheko, ya kuwapa watoto Piriton au dawa nyingine ya mafua "walale" mpaka mwisho wa safari. Si ya kuchekea. Dawa ya kutuliza kichefuchefu hutolewa kwa ushauri wa daktari au mfamasia, kwa kipimo cha mtoto husika, na zenye promethazini hazipaswi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa kuwa zinaweza kumzuia kupumua.

Huyu wa miaka miwili ndiye pia anayesafirishwa vibaya kuliko wote. Kwa kawaida anakaa mapajani mwa mama, kiti cha mbele. Gari likigonga kitu kwa kilomita 80 kwa saa, hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika. WHO inasema viti maalumu vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa asilimia 71. Kiti hicho ni ghali, ni kweli, lakini cha mtumba au cha kuazima kwa ndugu kinafanya kazi, ilimradi hakijapasuka, hakijawahi kuwa kwenye ajali na mikanda yake inakaza. Wakubwa wawili wakae nyuma, kila mmoja na mkanda wake. Mkanda mmoja haufungi watoto wawili.

Maji, sweta na mtoto mwenye selimundu

Sasa hofu ya mama. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo familia inayojiuliza swali hili haiko peke yake. Jibu la madaktari kwa wengi wao si "msisafiri". Ni "njooni kliniki kwanza". Wiki mbili au tatu kabla ya safari mtoto apimwe, wingi wa damu ujulikane, na daktari aambiwe wazi njia itakayopitwa, kwamba ni ya miinuko na baridi. Kama ametoka kulazwa karibuni au damu iko chini kuliko kawaida yake, bibi atasubiri, au atapandishwa basi aje yeye.

Akiruhusiwa, vitu vinavyojulikana kuamsha maumivu ni kupungukiwa maji, baridi, uchovu na maambukizi, na safari ya gari inaweza kuleta vyote vinne kwa siku moja.

Maji ndiyo mtego. Wazazi wengi hupunguza maji ya watoto safarini ili wasisimamishe gari kila saa. Kwa mtoto mwenye selimundu huo ndio uamuzi unaoweza kuwalaza hospitali usiku uleule. Mwili wake hupoteza maji mengi kwa mkojo, na akipungukiwa, chembe za damu zinazidi kujikunja na kuziba mishipa midogo. Kwa hiyo mpango unageuzwa: anakunywa kidogo kidogo njia nzima kutoka chupa yake mwenyewe, na vituo vya choo vinapangwa kwa ajili yake. Baba akilalamika kwamba wamesimama tena, hiyo ndiyo ratiba.

Baridi ya Juni katika Nyanda za Juu Kusini si ya mzaha kwa mtoto wa Dar es Salaam. Akitoka Ruaha Mbuyuni akiwa na jasho, saa moja baadaye juu ya Kitonga upepo umebadilika. Sweta, soksi na kofia visiwe chini ya mabegi kwenye buti, viwe miguuni pake. Anavalishwa kabla ya kushuka garini, si baada ya kuanza kutetemeka. Na nguo zikilowa, iwe kwa matapishi au kwa mvua ya Tukuyu isiyoaga, zibadilishwe palepale.

Dawa zake, foliki asidi, haidroksiyurea au penisilini kama anazitumia, zikae kwenye mkoba wa mama pamoja na dawa ya maumivu aliyoandikiwa, kipimajoto, daftari la kliniki na kadi ya bima. Ziwe za siku zote saba na nyingine chache za akiba, maana gari huharibika. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, tumbo kuvimba ghafla, weupe wa ghafla kwenye viganja na midomo, au mkono au mguu kukosa nguvu ni mambo ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Hayasubiri kufika. Njia hii ina hospitali za rufaa za mikoa Morogoro na Iringa, na ya kanda iko Mbeya mjini. Mama akiziandika kwenye karatasi pamoja na umbali kutoka kituo hadi kituo, ataona kwamba safari aliyoidhania ni pori tupu ina mahali pa kukimbilia.

Kwa wengine kwenye gari, mfuko wa dawa haupaswi kuwa duka. Parasetamoli ya watoto, pakiti kadhaa za ORS na vidonge vya zinki, plasta, dawa ya kusafishia kidonda, vyandarua. ORS huchanganywa kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti na kumwagwa baada ya saa 24.

Siku ya pili, wakiwa Iringa, waende Isimila asubuhi. Ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini, na nguzo zake za udongo zilizochongwa na mmomonyoko huwanyamazisha hata watoto wa miaka 11. Zana za mawe za watu wa kale zipo hapohapo. Jua likikaza, warudi wapumzike. Siku ya tatu wanapita Mafinga, Makambako na Uyole, wanafika kwa bibi kukiwa bado na mwanga. Njia nzima mtoto wa pili amelala saa zake, amekula, hajasukumwa.

Kutakuwa na vishawishi Rungwe. Ziwa Ngosi, lililo ndani ya kreta, linafikiwa kwa kupanda msituni kwenye mteremko mkali na wenye tope. Mkubwa aende na baba. Wa pili asiende, na aelezwe kwa nini bila kufichwa. Badala yake familia nzima iende Daraja la Mungu, mwamba uliovuka mto Kiwira wenyewe bila fundi, ambako kuna kutembea kidogo na kushangaa kwingi. Watoto wote washikwe mikono, maji yale yana nguvu.

Wakishuka Matema kuogelea Ziwa Nyasa, hali inageuka tena. Ni joto, mbu wapo, kwa hiyo chandarua na mikono mirefu jioni. Kichocho pia kipo ziwani, zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Watoto waogee kwenye mawimbi na mchanga, mbali na mito inayoingia ziwani, na hata hivyo mzazi asiamini kwamba hatari imekwisha.

Siku mbili za kurudi zipangwe kama za kwenda, na kulala Iringa kubaki palepale. Wakishafika Kimara, dawa zilizobaki zirudi kabatini lakini kalenda isifungwe. Malaria ya kuumwa Matema inaweza kuonekana siku saba hadi 14 baadaye au zaidi, wakati shule imeshafunguliwa na kila homa inaitwa mafua. Mtoto akipata joto katika wiki hizo apimwe, na anayempima aambiwe alikokuwa. Kwa huyu wa pili hakuna kusubiri hata usiku mmoja. Mkojo ukiwa na damu, au tumbo likisumbua miezi baadaye, habari ya kuoga ziwani isemwe pia, kwa sababu daktari wa Dar es Salaam hatalifikiria Ziwa Nyasa asipoambiwa.