Tuache kulilia watalii wa Kivu, tulilie kwanza abiria

Wandugu, kila wiki kuna mtu anaposti hapa picha ya Ziwa Kivu, maji ya bluu na jua linazama, halafu anaandika: "Turudishieni watalii wetu." Mimi leo nabishana.

Ni kweli wageni wameisha. Zamani walipanda Nyiragongo, wakaona gorila wa Virunga, kisha wakaenda kisiwa cha Tchegera kupumzika na kupiga kasia. Mei 2018 Waingereza 2 walitekwa, mbuga ikafungwa mpaka Februari 2019. Ikaja korona. Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka. Januari 2025 M23 wakaingia Goma. Nani ataleta familia yake kutembea hapo?

Lakini ziwa ni lilelile. Ng'ambo, Gisenyi na Kibuye, wageni bado wanapanda boti. Maji hayana kosa, hata mamba hawamo.

Kosa liko kwetu pia, na halikuanza na vita hii. Aprili 2019 boti ilizama, watu karibu 150 hawakuonekana. Rais Tshisekedi alifika, akaagiza kila abiria avae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ingine kutoka Minova ikapinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wanaangalia. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Makumi walikufa. Walipita majini juu vita ilifunga barabara, sawa. Lakini jile zilikuwa wapi? Pesa ya tiketi ilihesabiwa. Nani alihesabu vichwa?

Wengine watasema: "Starehe ya ziwa ni mambo ya wazungu, sisi tunatafuta unga." Hapana! Jumapili ufukweni tulikuwa tunaendaka sisi: vijana wa kuoga, maarusi wa kupiga picha, mama wa kukaanga sambaza, fundi wa injini anayengoja kazi. Unga ulitoka hapo. Na hao ndio walianza kuogopa boti mapema kuliko mtalii yeyote. Mahali mwenyeji anapanda akisali, mgeni hawezi kupanda akicheka.

Sasa nyinyi wa mashirika hapa Nakivale, asanteni kwa cherehani, sabuni na kompyuta. Lakini kambi iko kando ya ziwa, na kuna watoto wanaojua maji ya kujaza jerikani tu. Ongezeni kozi moja: kuogelea mahali salama, na namna ya kumwokoa anayezama. Wenye cherehani wajifunze kushona jile za kweli, zinazopimwa majini kabla ya kuuzwa.

Amani ikirudi, wengi wetu wa Idjwi, Kalehe na Bukavu tutashuka Goma na kutafuta boti. Ukifika bandarini, weka simu mfukoni, picha itangoje. Uliza jile. Ukiambiwa hakuna, usipande, na umwambie aliye nyuma yako naye asipande. Tukikataa kumi, nahodha ataondoka. Tukikataa mia, atanunua jile.