Je, Kipimo cha Unyevu Chafaa Kitaluni?

Wakulima wa skimu wanaofika ofisini kwetu hapa Dagoretti Corner, wakiisha kupata fomu waliyoijia, hubaki kidogo mezani wakiniuliza habari za kile kidude cha kuchomeka udongoni kinachosema na simu. Mzee mmoja kutoka Kinangop alinionyesha picha yake akasema, "Karani, hiki ni kitu cha kweli ama ni cha kutulia pesa zetu?" Mimi si Bwana Shamba, kazi yangu ni mafaili na barua. Lakini nilisomea ualimu kabla ya kushika kalamu ya ofisi, na mwalimu hawezi kuulizwa swali moja mara kumi asitafute jibu. Basi nilinunua kimoja kwa fedha zangu, nikakichomeka katika kitalu cha nyanya na sukuma wiki nyuma ya nyumba ninayokaa, na sasa nina maoni.

Kitu hiki ni cha kweli, na chafaa. Lakini kikitumiwa na simu peke yake ni nusu ya kitu. Faida yake huanza siku kinapounganishwa na mashine inayokaa nyumbani usiku na mchana ikikisikiliza. Na hata hapo, nasema kisipewe ruhusa ya kufungua maji.

Niwaeleze kilivyo. Nilichonacho mimi ni kile cha kampuni ya Xiaomi ya China, kiitwacho Mi Flora. Umbo lake ni kama uma wenye meno mawili ya chuma. Meno huingia udongoni na kichwa hubaki juu. Hupima mambo manne: unyevu wa udongo, joto, mwanga wa jua, na kitu ambacho wauzaji hukiita rutuba, nacho nitakirudia maana hapo ndipo penye hatari. Ndani yake mna betri ya kidonge ya namba 2032, yaani upana wake milimita 20 na unene milimita 3.2, kama zile za mizani ndogo za jikoni. Hakina waya. Hutangaza habari zake kwa njia ya Bluetooth, jina lililotolewa kwa Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, ambaye lakabu yake ilikuwa Jino la Bluu. Wazungu waliokitengeneza walimkumbuka kwa kuwa aliunganisha watu waliotengana. Jina ni zuri, ila sauti ya Bluetooth haiendi mbali. Katika uwanja mtupu hesabu mita kumi hivi, na ukuta wa mabati huizuia kabisa.

Hiyo ndiyo taabu ya kutumia simu. Simu hutoka asubuhi na mwenyewe. Mimi nikiwa ofisini, kipimo kinatangaza na hakuna anayesikia. Nikirudi jioni nafungua simu, naambiwa udongo ni mkavu, jambo ambalo majani yaliyolala yamekwisha kuniambia mlangoni. Mke wangu alinitazama siku ya kwanza nikiinama na simu kitaluni akaniuliza, "Mwalimu, kwani kidole chako kimekatika?" Sikuwa na jibu, maana kidole udongoni kilikuwa kinasema yale yale.

Basi nikatafuta msikilizaji wa kukaa nyumbani. Iko programu iitwayo Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Paulus Schoutsen, na haiuzwi, hupatikana bure. Huwekwa katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ambayo hutoshea katika kiganja cha mkono. Kazi yake ni kukusanya habari za vyombo vya nyumbani, taa, milango, matangi, vipimo, na kufanya vile ulivyoiagiza: jambo hili likitukia, fanya hili. Tangu mwaka 2022 imeweza kusikiliza Bluetooth vizuri, na kipimo cha namna hii ikikisikia hukitambua yenyewe na kukuuliza kama ukubali kukiingiza. Hakuna namba ya siri. Ukikubali, basi. Kazi hii ilinichukua muda mfupi kuliko kujaza fomu ya ruhusa ya likizo.

Iliyonichukua Jumamosi nzima ni mita zile kumi. Kompyuta ilikuwa sebuleni na kitalu kiko nyuma ya jiko la mabati. Dawa yake ni kibao kidogo cha umeme kiitwacho ESP32, kinachotiwa programu ya ESPHome ili kiwe mpokezi: hukaa dirishani karibu na kitalu, husikia Bluetooth, kisha hupeleka habari kwa kompyuta kwa njia ya waifai ya nyumbani. Vibao hivi ni rahisi kuliko kipimo chenyewe, na kimoja chaweza kusikilizia vipimo kadhaa. Tena angalieni hili: kama ile programu ya kipimo iliyoko katika simu yako imekishika kipimo, wengine huenda wasikipate. Ifunge kwanza. Mimi nilitafuta kosa hilo tangu saa tano hadi saa tisa, kumbe kosa lilikuwa mfukoni mwangu.

Jambo linalonipendeza katika mpango huu ni kwamba habari hazitoki nyumbani. Programu za simu za vyombo vingi hutaka ujiandikishe, na namba za shamba lako zikawekwe katika kompyuta ya ng'ambo. Mashine ya nyumbani hufanya kazi hata intaneti ikikatika, na namba zako ni zako. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, lakini si lazima mtu angoje sheria imlinde katika jambo ambalo aweza kujilinda mwenyewe.

Sasa niseme nilivyopata hasara, maana mwenye kusifu bila kueleza hasara ni muuzaji.

Nilikwenda nyumbani kwa mazishi, siku nne. Nikiwa huko nilitazama namba kwa simu kila asubuhi: unyevu 31, nikafurahi. Siku ya pili 31. Siku ya tatu 31. Nikawaambia wenzangu kuwa mawingu ya Nairobi yananisaidia. Niliporudi nikakuta miche ya nyanya imekauka, safu baada ya safu, nayo ilikuwa miche ambayo jirani wawili walikwisha kunilipia. Mtoto alikuwa amechomoa kile kibao dirishani ili atie simu moto, na jinsi nilivyoipanga mashine, ilikuwa ikionyesha namba ya mwisho iliyosikia, bila kusema ni ya lini. Fedha za watu nilirudisha. Mtoto sikumpiga, maana mimi ndimi niliyeweka kitu cha maana katika soketi ambayo nyumba nzima huitumia kwa simu.

Tangu siku ile agizo la kwanza katika mashine yangu halihusu ukavu. Lasema hivi: ikipita saa sita bila kusikia neno jipya kutoka kitaluni, mpelekee ujumbe mwenye nyumba. Agizo la ukavu ni la pili. Na ye yote anayekuja kukuuzia mpango wa namna hii, mwulize swali moja, "Kipimo kikifa, nitajuaje?" Kama hana jibu, mwambie akanywe chai kwanza.

Ng'ambo ya kituo chetu cha Dagoretti Corner, kando ya barabara ya Ngong, ndipo palipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Hao hupima mvua kila siku saa tatu asubuhi, jua liwe kali, sikukuu iwepo, na huandika hata siku ambayo hakuna tone. Sifuri iliyoandikwa ni habari. Nafasi tupu ni kitu kingine, na mpimaji wa hali ya hewa hachanganyi hayo mawili. Mashine yangu ilikuwa ikiyachanganya, na mimi pamoja nayo.

Namba yenyewe pia yataka kufundishwa. Asilimia 20 katika udongo wetu mwekundu wa huku Dagoretti si sawa na asilimia 20 katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa Mwea, wala katika mchanga. Udongo mweusi ukikauka hupasuka, ufa ukipita kando ya meno ya kipimo, kitasema ukavu uliozidi ukweli. Kwa hiyo msichukue namba iliyoandikwa kwenye boksi. Fanyeni hivi: mwagilieni kitalu hadi kishibe, ngojeni siku moja maji ya ziada yashuke, andikeni namba. Kisha acheni pembe moja ndogo ya kitalu bila maji hadi miche ianze kulegea adhuhuri, andikeni namba tena. Agizo la kumwagilia liwe katikati ya hizo mbili, si chini karibu na ile ya kulegea. Kwangu zilikuwa 38 na 14, nami nimeweka 25. Kwenu zitakuwa nyingine.

Na ile iitwayo rutuba, tafadhali iacheni. Kipimo hakijui naitrojeni wala fosfeti wala uchachu wa udongo. Hupima jinsi umeme unavyopita katika udongo, na umeme hupita vizuri penye maji na chumvi. Mwagilia leo, namba yapanda, na hukutia hata kijiko cha mbolea. Namjua mkulima aliyeacha kutia mbolea ya kukuzia kwa sababu namba ilikuwa juu. Udongo wenu upelekwe katika maabara ya KALRO pale Kabete, au maabara nyingine ya kuaminika, mpate karatasi yenye majibu ya kweli.

Meno ya kipimo hiki ni mafupi, hayashuki kina cha kiganja kimoja. Hilo latosha kwa miche na kwa makopo ya mboga. Kwa mahindi au nyanya zilizokwisha kukomaa mizizi imekwenda chini mahali kipimo hakifiki. Huko Iringa, Tanzania, katika skimu ya Kiwere, tangu mradi ulioanza mwaka 2013 wakulima wametumia chombo kingine, kiitwacho Chameleon, kilichotoka kwa watafiti wa CSIRO wa Australia. Hicho huzikwa katika vina mbalimbali vya udongo, na chombo cha kusomea huonyesha rangi tu: bluu ni maji tele, kijani ni ya kutosha, nyekundu ni ukavu. Waliona bluu mara nyingi kuliko walivyotazamia. Kumbe walikuwa wakimwagilia kupita kiasi na kuisukuma mbolea yao chini ya mizizi. Walipunguza siku za maji, mavuno yakapanda, na ugomvi wa mfereji ukapungua. Vyombo viliwekwa katika mashamba ya baadhi yao, na wengine walijifunza kwa hao. Kila mtu hakununua chake.

Hapo ndipo napatana na watu wa Kiwere. Ninyi mlio Kinangop, Ol Kalou, Sotik na Lugari, mna vyama vya ushirika tangu siku za wazee wenu waliopewa mashamba baada ya 1962. Chama kiwe na kitalu kimoja cha miche, kompyuta moja, kibao kimoja au viwili, vipimo vichache, na kijana mmoja aliyemaliza shule wa kuviangalia na kuandika katika daftari. Mtu kununua chake kwa mkopo ili apime robo eka ya kabichi inayonyeshewa na mvua, hilo silikubali. Mvua haingoji ujumbe wa simu.

Na maji je? Wengi huniuliza kwa nini mashine isifungue pampu yenyewe. Yaweza, na si kazi ngumu kuipanga. Lakini kuku akikifukua kipimo na kukiacha juu ya tuta, kitasema udongo umekauka kabisa, na kitazidi kusema hivyo usiku kucha huku pampu ikimaliza tangi ambalo mlilijaza kwa siku mbili. Kwa sasa mashine imwite mtu, na mtu aende kwa miguu yake kuona. Atakayetaka kuipa pampu, aiwekee saa ya kujizima baada ya dakika chache, hata kipimo kisemeje.

Jambo la mwisho ni umeme. Kompyuta hizi ndogo hazipendi umeme unaokatika ghafla; kile kikadi kinachotunza programu huharibika, na kazi yote ikapotea. Yafaa betri ndogo ya kuishikilia, na nakala ya maagizo itunzwe mahali pengine. Mimi yangu naitunza hapa ofisini, katika droo ya chini. Kwenye soketi ya dirishani nimebandika karatasi yenye maneno makubwa, USICHOMOE, na mke wangu amenunua kigawa umeme chenye matundu manne ili simu zipate mahali pake. Miche ya sasa ina majani manne. Jirani zangu wawili wameagiza tena, ila safari hii wamesema watalipa wakiisha kuiona.