Gari Lililolala Masika Halikupumzika

Makala ya wiki iliyopita inadai kwamba gari la safari lililoegeshwa tangu Machi limepumzika, hivyo Juni ikifika ni kujaza mafuta na kuondoka. Sikubaliani nayo hata kidogo.

Hapa Kifaru, kando ya barabara kuu ya Moshi kwenda Same, nimefungua boneti baada ya masika nikakuta panya wamejenga kiota juu ya injini na kutafuna nyaya. Anayewasha kwanza ndipo akague, ameshachelewa. Betri nayo hupungua yenyewe. Ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 ikiwa imetulia, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha, na kusukuma gari mpaka liwake hakuiponyi.

Mwandishi anayaamini matairi kwa kuwa hayajalika. Mpira huzeeka hata usipotembea! Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2317 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tafuta nyufa pia, hasa upande uliokuwa ukipigwa jua.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni breki, ambazo makala haikuzitaja kabisa. Mafuta yake hunyonya unyevu taratibu. Kwenye mteremko mrefu kutoka Usangi kurudi Mwanga breki hupata moto, unyevu ule ukageuka mvuke, na kanyagio likazama bila breki kushika. Ndani mna watoto, juu mna hema na madumu ya maji.

Namwomba mwandishi asahihishe ushauri wake kabla wasomaji hawajaanza kuelekea Mkomazi.