Umeme Unaokuja na Kwenda



Ndugu wasomaji, mama zetu, dada zetu na wanetu wapenzi, nawaomba mnivumilie. Nimezoea katika ukurasa huu kuzungumza nanyi juu ya malezi, mirathi na adabu za nyumbani. Leo nitazungumza juu ya betri, fyuzi na nyaya. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nyumba nyingi za kwetu, tangu visiwa vya Lamu hadi vijiji vya Ijara na Wajir, siku hizi zinategemea paneli ya jua na betri, na kifaa hicho kikizimika aghalabu mama ndiye aliyeko nyumbani. Ya pili ni kwamba katika jambo hili nilikosea mimi mwenyewe, na kosa langu likamgharimu mzazi wangu na kumdhulumu mtu asiye na hatia.

Binti yangu ameolewa Garissa. Alipojifungua, mama yangu mzazi, ambaye ni mtu mzima sana, aliazimia kwenda kumwona kitukuu chake na kuhudhuria akika. Bi mkubwa ana maradhi ya sukari na hudungwa insulini kila siku, tena magoti yake hayastahimili kukaa safari nzima. Basi tulichukua gari letu la abiria, tukatoa viti vya nyuma, tukatandika godoro, tukaweka feni na friji ndogo ya kutumia umeme wa gari. Vyote hivyo vilitegemea betri ya pili iliyofungwa chini ya kiti na paneli moja juu ya paa. Gari likawa kama chumba kidogo chenye magurudumu.

Tuliondoka Mombasa alfajiri, tukapita Malindi na Garsen. Mchana jua likiwa kali friji ilifanya kazi vizuri. Magharibi ilipoingia, tukiwa tumefika Hola, ikaanza kuzimika. Inawaka kidogo, inazimika, inatulia, inawaka tena. Ajabu ni kwamba taa ndogo ya ndani iliendelea kuwaka, na simu ziliendelea kupata chaji. Nikajiambia kuwa betri imekufa. Bila kupima chochote nilimpigia simu mwenye duka aliyeniuzia, nikamwambia maneno makali, kwamba ameniuzia betri mbovu ilhali anajua nasafiri na mgonjwa. Asubuhi nilinunua betri nyingine mpya kabisa. Hatukufika mbali. Kabla ya Bura, gari lilipoingia katika mashimo ya barabara, friji ikazimika vilevile.

Tulifika Garissa adhuhuri, joto likiwa limepita nyuzi 35. Sukari ya bi mkubwa ilikuwa imepanda. Tulimpeleka hospitali, na mfamasia alipoulizia habari za dawa akatushauri tuzitupe chupa zote tulizokuwa nazo, kwa kuwa hatukuweza kusema zilipata joto kiasi gani. Insulini iliyoharibika kwa joto yaweza kuonekana safi kama ile nzima, macho hayatambui. Tulinunua nyingine, na alhamdulillahi sukari ilishuka.

Jioni ile wifi wa binti yangu, msichana aliyesomea ufundi wa umeme katika chuo cha ufundi, alikuja uani akiwa na mita ndogo ya kupimia. Nilimweleza kuwa huenda hata betri mpya ni mbovu. Akasema kwa adabu, "Maalim, tusiihukumu betri kabla ya kuisikiliza."

Kwanza aliniuliza maswali. Je, vitu vyote huzimika kwa pamoja, au ni friji peke yake? Huzimika gari likitikisika? Huzimika mota ya friji inapotaka kuanza? Mchana ni sawa na usiku? Maswali hayo hayana gharama, nayo hupunguza nusu ya kazi. Kikizimika kifaa kimoja tu, aghalabu ubaya uko katika swichi au plagi ya kifaa hicho. Vikizimika vyote, tafuta katika njia vinayoshirikiana: fyuzi kuu, vichwa vya betri, au waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi ya gari. Lakini akanitahadharisha: taa ndogo hutumia umeme mchache, hivyo yaweza kupita salama katika njia mbovu. Friji ndiyo hufichua aibu ya njia, kwa sababu mota yake inapoanza huhitaji umeme mwingi kwa ghafla.

Kisha akapima. Friji ikijaribu kuanza, betri ilionyesha volti 12.5. Betri ya kawaida ya gari iliyojaa na kutulia huonyesha kama volti 12.7, ikiwa karibu na 12 imekaribia kuisha. Kwa hiyo yetu ilikuwa nzima. Akahamisha mita hadi kwenye plagi ya friji: volti 10.4. Volti 2.1 zilikuwa zimepotea njiani, kama maji yanayomwagika katika mpira uliotoboka. Swali likawa: zimepotea wapi? Akagusa ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha bodi. Hapo, friji ikiwa inafanya kazi, mita ilipasa kuonyesha karibu na sifuri. Ilionyesha 1.9.

Tukainua kiti. Waya mnene wa hasi ulikuwa umefungwa kwa bolti juu ya rangi na kutu, na nati yake ilizunguka kwa vidole. Niliinamisha kichwa. Wiki moja kabla ya safari nilikuwa nimeihamisha betri kwa mkono wangu ili kupata nafasi ya godoro, na bolti ile niliifunga mimi.

Ndipo nikaelewa kwa nini umeme ulikuja na kwenda. Friji za namna hii hujilinda: zikiona volti zimeshuka mno, hujizima. Zikijizima, umeme hautiririki tena, basi volti hupanda. Friji hudhani mambo yametengemaa, hujaribu kuanza, na volti huanguka tena. Mchana paneli iliipandisha betri hadi karibu volti 14, hivyo hata baada ya kupoteza mbili, friji iliridhika. Usiku hapakuwa na ziada ya kufunika aibu yangu. Dalili zote zilifanana na za betri mbovu, ilhali ubaya ulikuwa katika kiungo ambacho matengenezo yake yalihitaji spana na kipande cha msasa.

Akina mama, nawaandikia hatua zenyewe, maana paneli ya nyumbani nayo hufuata kanuni hizohizo.

Kabla ya kugusa betri, vueni bangili, pete na saa. Dhahabu na chuma hupitisha umeme. Bangili ikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja huwa moto kwa dakika isiyofika, na huunguza hadi mfupani. Zimeni kila kitu. Paneli ikiwa na swichi yake, itengeni kwanza, au ifunikeni kwa shuka nzito. Fungueni waya wa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Msiwashe kiberiti wala sigara karibu, kwa kuwa betri inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Tazameni kila kiungo: unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa, kutu, plastiki iliyoyeyuka kwenye kishikio cha fyuzi, nyaya zilizosokotwa na kufungwa kwa utepe. Katika joto la Garissa gundi ya utepe hulainika ikateleza, na upepo wa bahari wa kwetu pwani hula shaba kimyakimya. Tikiseni waya taratibu huku mwingine akitazama taa, ikipepesa, mmekaribia. Kiungo kinachopata joto kuliko vingine ndicho chenye uzito ndani yake. Kisha sugueni kwa msasa mpaka chuma king'ae, kazeni barabara, na mpake grisi juu yake baada ya kukaza, ili unyevu usiingie.

Jambo moja nawakataza kama ninavyowakataza wanangu. Fyuzi ikikatika, msiweke waya wala karatasi ya sigara mahali pake, wala fyuzi kubwa kuliko ile ya kwanza. Fyuzi ni mlinzi wa nyumba. Anayemlaza mlinzi usingizi asishangae akiamka kwenye moto. Na ikiwa hamna uhakika, au umeme wenyewe ni ule mkubwa wa nguzo za barabarani, iteni fundi.

Amma kuhusu dawa, sikilizeni vizuri. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye friji baina ya nyuzi 2 na 8, wala haifai kuganda. Iliyofunguliwa, aina nyingi hustahimili kama wiki nne nje ya friji, mradi joto lisipite nyuzi 25 au 30, kulingana na maandishi ya kisanduku chake, muulizeni mfamasia. Wakwe zetu walituonyesha hifadhi isiyohitaji waya. Walitia chungu kidogo ndani ya kikubwa, wakajaza mchanga baina yake, wakaumwagia maji, wakaweka kivulini penye upepo na kufunika kwa kitambaa chenye majimaji. Dawa ilikaa ndani katika kopo kavu. Hewa kavu ya Garissa huyakausha maji upesi, na maji yakikauka huondoka na joto. Mombasa, penye unyevu mwingi, ubaridi wake utakuwa mdogo zaidi. Hifadhi hii haifikii friji, lakini lau tungekuwa nayo njiani tusingetupa dawa.

Nje kidogo ya Garissa pana mtambo mkubwa wa umeme wa jua, uliozinduliwa rasmi mwezi wa Desemba 2019, wenye paneli zaidi ya 200,000 na uwezo wa kama megawati 55. Kesho yake mwenyeji wetu alitupitisha tukauona kwa mbali, paneli zimejipanga kama safu za sala. Bi mkubwa akatazama, kisha akaniambia, "Mwanangu, jua lote hili, na wewe ukashindwa na bolti moja." Tulicheka sote, nami nilicheka nikiwa na haya.

Nililoliona zito zaidi lilikuwa ile simu. Betri ya kwanza ilipopimwa ilikuwa nzima kabisa, na mwenye duka hakuwa na kosa. Nilimpigia tena usiku uleule, nikamweleza lilivyokuwa, nikamwomba radhi mbele ya wanangu ili wasikie, kwa kuwa ukali wangu pia waliusikia. Akanijibu, "Sheikh, nimekusamehe, lakini siku nyingine pima kwanza." Tulirudi pwani na betri mbili, moja nikampa yeye auze.

Basi nanyi, umeme ukija na kwenda, au jambo lolote la nyumbani likienda mrama, anzeni na kiungo kilicho karibu na mkono wenu kabla ya kumnyooshea kidole aliye mbali. Na katika nyumba yenye mgonjwa, msiiache dawa yake itegemee waya mmoja.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu afya na atulinde na ndimi zetu. Tukutane wiki ijayo, inshallah.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.